Nyuzi Nne, Nyuzi Mia

Bi Somoe wa Mtamwini aliileta asubuhi
imefungwa kwa leso kama mkate wa sinia,
akaitua juu ya meza yangu, hapa Langoni.
"Hini ina homa," akasema. "Na siku hizi
huiita mara tatu ndipo iitike."

Nikaigeuza. Parafujo kumi na moja.
Ya kumi na mbili ilipotea kabla yangu, naapa.
Ndani ya feni: chokaa ya ukuta wa mawe,
ile idondokayo chembe chembe tangu enzi za babu zake,
na manyoya ya paka, yameshikana, blanketi kamili.
"Ni huyo wa kijivu," akasema bila kuulizwa.
"Hulalia papo hapo. Pana vuguvugu."

Nikakitoa kichakataji chenyewe,
mraba mdogo, haujazi hata kiganja cha mtoto.
Marhamu yake ya joto imekauka
kama wanja uliosahauliwa kichupani.
Nikapangusa kwa spiriti, namba ikajitokeza,
nikaitafuta katika daftari langu la mafuta na vumbi.
"Soma," akasema. "Soma kwa sauti, siyui Kizungu cha macho."

Viini viwili.
Kasi, gigahezi mbili nukta nne;
ikilazimu, mbili nukta tisa, lakini si kwa muda mrefu.
Akiba ya ndani, megabaiti tatu.
Hula wati thelathini na tano.
Nanomita thelathini na mbili, yaani
unywele wako mmoja, Bi Somoe, ni mnazi kando yake.
Nyuzi nne.
Kikomo cha joto, nyuzi mia.

"Ngoja. Nne au mia?"

Nikamweleza: hizi nne ni za kazi,
kila kiini hushika mbili kwa pamoja,
na zile mia ni za moto.
Lugha yetu imebana matumizi,
neno moja limepewa zamu mbili.
"Basi na neno nalo ni kiini," akasema,
akatoa sindano kwenye kofia aliyokuwa akiitoboa,
akaendelea, tobo, mzunguko, tobo,
kana kwamba hajasema kitu.

Humo ndani mna kofia zake zote.
Mpwa wake Famau alimchorea majedwali,
kisanduku cheusi ni tobo, cheupe si tobo.
Nikamwambia hata chipu haijui zaidi ya hayo:
pana tobo, hapana tobo,
mara bilioni mbili na ushei kwa sekunde.
"Na haichomwi kidole?"
Nikasema, ikikaribia ile mia
hujipunguza yenyewe. Haingoji kuambiwa.
Hukokota miguu, huchelewa kuitika,
wewe wadhani imezeeka,
kumbe inakwepa kuungua.

Sindano ikasimama.

"Twalib," akasema, jina la mumewe,
na kwa muda nikasikia tu punda akipita nje
na kwato zake juu ya saruji.
"Mwaka ule wa mwisho alikuwa akipumzika
kila baada ya ngazi tatu.
Nilimwita mvivu. Mbele za wageni."

Sikuwa na jedwali la hilo.
Nikatia marhamu mpya, kiasi cha punje ya mchele,
nikafunga feni, nikabonyeza.
Ikavuta pumzi. Ikakawia, kama ilivyo haki yake.
Kisha ikafungua kofia ya mwisho, nusu,
visanduku vyeusi vikiishia katikati ya safu.

Famau yuko Doha, ameahidi mpya:
viini vinane, nyuzi kumi na sita.
"Mikono ya kushika zote hizo ni ya nani?" akauliza,
akanilipa mia tano pungufu ya tulivyopatana,
akaifunga tena kwa leso.

Alipofika kona ya msikiti
nikaona parafujo moja mezani, inang'aa.
Nikahesabu kichwani mara mbili.
Sikumwita.